Kigoda Nilichokiosha

Ninyi mnaoanza kazi hii sasa mna glovu nyeupe na dawa za kusafishia zilizopangwa kwenye vichupa. Sisi tulianza na mchanga wa ziwa, majivu na kipande cha gunia. Mkinicheka sitanuna, maana hata mimi nikikumbuka tulivyokuwa tukisugua vitu vya watu najicheka, kisha kicheko kinanikauka. Mmeniomba niwaandikie machache juu ya kazi ya kuandika historia ya sanaa huku kwetu Musoma enzi za Mwingereza. Sitawachosha na orodha ya vyeo nilivyopitia. Nitawapa habari ya kigoda kimoja, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kazi, na kilinifundisha kwa aibu.

Kwanza mjue nimetoka nyumba gani, la sivyo kosa langu hamtalielewa.

Nilizaliwa Iringo, mtaa wa hapa Musoma mjini. Baba yangu, Mwalimu Faraji, alikuwa mwalimu wa chuo, yaani alifundisha watoto Kurani barazani kwetu, na tena alikuwa mtunzi wa mashairi. Baba yake alikuwa ametoka Ujiji na kanzu mbili na sanduku la vitabu. Mtu wa mjini akitaka barua nzuri ya posa, alikuja kwa Baba. Harusi ikikosa shairi la Baba, watu walisema imepwaya. Na kila shairi lake, refu au fupi, ubeti wa mwisho alijitaja: mimi niliyetunga ni Faraji, nipo Iringo, penye kosa nirekebisheni. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni majivuno. Nilipomuuliza aliniambia, "Mtu akisema neno mbele za watu aseme na jina lake, wajue wa kumuuliza."

Mama alisuka mikeka. Ukindu ulitoka kandokando ya ziwa, akauanika, akauchemsha kwa rangi, akaketi nao miezi. Kuna siku tulikula ugali na dagaa wa mwalo wa Mwigobero wiki nzima bila hata kitunguu kwa sababu Mama alikuwa ametaka rangi ya zambarau, na Baba hakusema kitu, maana na yeye juma lililopita alikuwa amenunua karatasi. Ndivyo tulivyoishi. Chakulani watu wa kwetu walibishana juu ya vina na juu ya wekundu gani unakaa vizuri karibu na kijani. Wageni walituona kama tuna wazimu kidogo.

Mama ndiye aliyenipa somo la kwanza la kazi hii, bila kujua. Mkeka ukiletwa nyumbani kutoka mahali pengine, hakuutazama uso. Aliugeuza. "Mbele ni maneno ya watu," aliniambia. "Nyuma ndiko alikounganisha. Ukitaka kumjua msusi, mtazame alipochoka." Hadi leo, nikiingia nyumba ya mtu nikakuta kiti au chungu, mkono wangu unawasha kukipindua.

Sasa habari ya mbao. Chuoni kila mtoto alikuwa na ubao wake, na Baba aliwaandikia somo kwa kalamu ya tete na wino wa masizi na gundi ya mgunga. Mtoto akishalijua somo lake, Alhamisi asubuhi ubao ulioshwa ili uandikwe upya. Kazi ya kuosha ilikuwa yangu tangu nina miaka saba. Unasugua kwa mchanga laini wa ziwa, unasuuza, unasugua tena hadi mti unakuwa mweupe kama ulivyochongwa jana. Na maji yale hayamwagwi njiani watu wakayakanyaga, kwa kuwa yamebeba maneno matukufu. Kwetu tuliyamwaga kwenye shina la mlimau uliokuwa uani, na hapo palizungushiwa mawe. Kwa hiyo mimi nilikua nikijua kwamba kuosha ni heshima. Kitu ukikipenda, unakiosha. Kumbukeni hilo.

Nilipata kazi kwa sababu ya mwandiko. Palikuwa na bwana mmoja Mwingereza pale boma, mrefu, mpole, aliyekuwa na shauku ya kukusanya kazi za mikono za watu wa huku: vibuyu, ngao, vyungu, vigoda, ngoma. Alipewa chumba kimoja nyuma ya ofisi akakiita ghala la sanaa. Alitaka karani anayeweza kuandika vizuri na kuchora, kwa sababu kamera yake ilikuwa inaugua kila mvua zikianza. Nilimchorea jagi lililokuwa mezani kwake, akaniajiri siku hiyohiyo.

Alinifundisha kutengeneza kadi. Kila kitu kina kadi yake: ni nini, kimetoka wapi, kimetengenezwa kwa nini, nani alikitoa. Palipokuwa na nafasi ya jina la aliyekitengeneza, yeye aliandika "hajulikani". Kadi baada ya kadi, hajulikani, hajulikani. Mimi mtoto wa Mwalimu Faraji lilinichoma hilo. Nikaanza kuuliza. Na hapa niwape ujuzi, muuchukue bure. Usimuulize mtu, "Hiki ni cha nini?" Atakujibu anachodhani unataka kusikia. Muulize, "Nani alikuwa akikikalia?" Kisha, "Kilipovunjika nani alikishona?" Mtu akianza kukumbuka ufa, jina la fundi linakuja lenyewe. Na uulize watu watatu, kila mmoja peke yake. Lebo uiandike kwa penseli, wino unavuja unyevu wa ziwa ukiingia, na uifunge kwa uzi wa pamba, kamwe si kwa waya. Bwana wangu alifurahi sana. Ndani ya mwaka mmoja "hajulikani" zilipungua, nami nikaanza kutembea kifua mbele.

Kifua kikiwa mbele namna hiyo, macho hayaoni miguu.

Ikaja habari ya maonyesho ya kilimo pale Bunda. Wakulima wangeleta pamba yao, na Bwana akaomba meza moja ya kazi za mikono. Akanituma maeneo ya Butiama nitafute vitu vya kuazima. Nilikwenda kwa baiskeli, nikalala misheni, nikazunguka siku tatu. Siku ya tatu ndipo nilipofika kwa Bibi Wakuru.

Alikuwa mjane, mzee sana, macho yamefifia. Aliishi na mkwe wake Anastazia, mke wa mwanawe, mama mkunjufu mwenye rozari shingoni, ambaye ndiye aliyetutafsiria, maana Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha kuokoteza. Bibi alikuwa ameketi jikoni kwenye kigoda cha miguu mitatu, cheusi kwa moshi. Nilipoona ukingo wake nilisahau salamu. Alama ndogondogo zilizochongwa kwa kisu zilizunguka kiti kizima bila kukosea hata moja, na miguu ilijikunja kwa nje kidogo tu, kama ya ndama anayejifunza kusimama. Niliuliza nani alikichonga.

"Baba yake mzazi," alisema Anastazia. "Siku anaolewa. Mama anakaliaga hiki tu, hata ukimletea kiti cha kanisani hataki."

Nilimbembeleza sana. Nilimweleza kwamba jina la baba yake litaandikwa, watu wote wa Bunda watalisoma. Hilo likamgusa. Bibi alikipapasa kwa chini, kisha akasema maneno machache kwa lugha yake.

"Anasema uchukue," alisema Anastazia. "Lakini kirudi kama kilivyoondoka."

Nikamjibu bila kufikiri, "Mwambie kitarudi kizuri zaidi."

Anastazia alinitazama kidogo. Sijui kama alilitafsiri.

Nilifika nyumbani Iringo Jumatano jioni na kigoda kimefungwa nyuma ya baiskeli. Asubuhi yake ilikuwa Alhamisi. Watoto wa chuo walikuwa uani na mbao zao, mchanga upo, maji yapo. Niliketi katikati yao nikiwa karani wa boma mwenye suruali iliyopigwa pasi, nikawaonyesha jinsi ya kusugua. Nilikipindua kigoda, kama Mama alivyonizoeza. Chini ya kiti palikuwa na mgando mzito wa mafuta na udongo mwekundu, umeganda mahali mahali, mabaka matano, manne membamba, moja pana. Niliyaona. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba niliyaona, nikayahesabu, na mkono wangu ukaenda kwenye mchanga. Nilisema moyoni, uchafu wa jikoni. Nikasugua hadi mti ukawa mwekundu safi, nikaupaka mafuta, ukang'aa. Maji nikayamwaga kwenye mlimau, kwa adabu zote.

Bunda tulisifiwa. Kigoda kiliwekwa katikati ya meza juu ya kitambaa cheupe, na kadi yenye jina la baba yake Bibi Wakuru kwa mwandiko wangu bora. Bwana aliwaleta wageni wake wakakitazama. Mchana akaja fundi mmoja seremala wa pale Bunda, Fundi Shabani, niliyekuwa nikimheshimu kwa sababu alichonga milango mizuri kuliko yote barabara ile. Alikichukua, akakigeuza, akakinusa. Kisha akakirudisha taratibu.

"Nani kakivua nguo hiki?"

"Nimekisafisha mimi, Fundi."

"Mwenyewe yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi Mungu akusaidie," alisema, akaenda zake kutazama pamba. Nilichukia. Nilimwona mtu mwenye wivu.

Maonyesho yalipokwisha nilipakia baiskeli juu ya basi la Musoma, nikashuka Kiabakari, nikaendesha hadi kwa Bibi. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ya kupokelea shukrani. Mtoto wa mtunzi.

Bibi alikipokea kwa mikono miwili. Alipapasa ukingo, akatikisa kichwa kukubali. Kisha vidole vikapita chini. Vilisimama. Vikarudi, vikapita tena polepole kama mtu anayetafuta sindano mkekani. Hakulia wala hakupaza sauti. Alikilaza kigoda ubavu, akakaa chini kwenye udongo, na hakukikalia.

Anastazia alifunika mdomo kwa kanga. Ni yeye aliyenieleza, kwa sauti ya chini, akiwa amenipa mgongo nusu.

"Mama alizika watoto watano kabla ya kumzaa mume wangu, kabla hata padre hajaja huku. Wadogo wadogo. Pale walipozikwa watu walishahama, hata mahali hapajulikani tena. Kila mmoja akifa, alikuwaga anachukua udongo wa kaburi na siagi, anapaka hapo chini. Ndiyo hao." Kisha akaongeza, "Anasemaga anawaatamia."

Wanangu, mimi nimesoma baada ya pale, nimefundisha, nimeitwa mtaalamu katika miji yenye taa nyingi. Hakuna siku niliyojiona mdogo kama ile. Nilitaka kusema sikujua. Lakini nilikuwa nimeyahesabu. Mtu aliyeyahesabu hawezi kusema hakujua, anaweza tu kusema hakuuliza. Karani niliyejigamba kwa kuuliza nani alishona ufa, sikuwa nimeuliza swali moja juu ya mabaka matano.

Nilipiga magoti nikaomba radhi. Bibi hakujibu radhi yangu. Aliniuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza.

"Maji. Umemwaga wapi?"

Nilimwambia. Nilimweleza habari ya mbao, habari ya maji yasiyokanyagwa, mlimau na mawe yake. Anastazia akatafsiri neno kwa neno. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwishoni aliuliza kitu kimoja tu, na Anastazia akanigeukia.

"Anauliza huo mlimau uko hai."

"Uko hai," nilisema. "Unazaa."

"Anasema atakuja."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Baba kila kitu. Alikuwa anachonga kalamu ya tete. Aliweka kisu chini.

"Idrisa, ubao tunauosha lini?"

"Alhamisi, Baba."

"Sikuulizi siku."

Nikafikiri. "Mtoto akishalijua somo."

"Akishaliweka moyoni lote. Mimi nampima kwanza, nikiridhika ndipo ninamwambia kaoshe. Wewe cha yule mama uliweka nini moyoni kabla hujamwaga maji?"

Aliokota kisu, akaendelea kuchonga kalamu. Baba hakunipiga tangu nilipobaleghe, lakini siku ile ningependelea fimbo.

Wiki mbili baadaye walikuja, Bibi na Anastazia, kwa basi, asubuhi. Bibi hakuwa amefika Musoma maisha yake yote. Kigoda alikibeba Anastazia kichwani, kimefungwa kanga, na Bibi alishika kibuyu kidogo cha siagi. Mama aliwatandikia mkeka wake wa zambarau, ambao hata Baba alikuwa haruhusiwi kuukalia. Walikuwa hawana lugha ya pamoja, wale wazee wawili. Bibi alipapasa ule mkeka, kisha akainua pembe yake akapapasa na nyuma. Mama aliguna kwa kuridhika na akamshika mkono.

Wakaenda naye kwenye mlimau. Baba aliwaambia watoto wa chuo wanyamaze, wakanyamaza. Bibi alipiga ishara ya msalaba. Baba alisimama kando na mikono imefunguka mbele ya kifua, akiomba chinichini. Wala hakuna aliyemwona mwenziwe kuwa amekosea mahali.

Bibi aliokota udongo wa shina kwa vidole vitatu, pale penye unyevu. Akauchanganya na siagi kiganjani. Anastazia akakipindua kigoda juu ya mapaja yake. Bibi alipaka baka la kwanza akataja jina. La pili, jina. La tatu, la nne. Kwenye la tano kidole kilikaa muda mrefu, hakutaja kitu. Anastazia alininong'oneza kwamba yule aliishi siku moja tu, hakuwahi kupewa jina, Bibi alikuwa anamjua kwa upana wa baka lake, kwa kuwa alilipaka kwa kiganja kizima. Sasa alipaka kwa kidole kimoja kama wenzake. Mkono wake ulikuwa umezeeka, haukuweza tena kukumbuka ukubwa ule.

Hapo ndipo nilipolia. Mama alinitazama lakini hakunibembeleza, na alifanya vizuri.

Alipomaliza, Bibi alikiweka kigoda chini, akakikalia palepale uani chini ya mlimau. Alikaa hadi jua likawa juu. Alipoondoka alimwambia Baba, kupitia Anastazia, "Endeleeni kumwaga maji hapa. Wasione kiu." Na Baba aliyamwaga pale kila Alhamisi hadi alipofariki, na baada yake niliyamwaga mimi.

Bibi Wakuru alipofariki, Anastazia alikileta kigoda kwenye ghala letu. Alisema ni agizo la marehemu, kiandikwe. Bwana alikuwa ameshahamishwa, kadi zote zilikuwa mikononi mwangu. Niliketi na kigoda kile juma zima kabla sijaandika neno, na hiyo ndiyo desturi ninayowaachia: keti na kitu juma zima, na mchanga uwe mbali.

Siku hizi mna vyombo vya kupimia umri wa rangi na udongo. Mmoja wenu atakuja kukipima, naye atasema kwamba mabaka yote matano yamepakwa na mkono mmoja, siku moja, na kwamba udongo wake si wa Butiama bali ni wa mjini Musoma. Atakuwa amesema kweli, na hatakuwa amejua kitu. Kwa hiyo someni kadi. Ipo bado, nimeiandika kwa penseli, imefungwa kwa uzi wa pamba.

Katika kadi zangu zote niliandika majina ya watu wengine: waliochonga, waliosuka, walioshona nyufa. Langu sikuliweka popote, halikuwa na kazi pale. Ila kwenye hii moja. Juu nimeandika jina la baba yake Bibi, aliyechonga. Chini yake jina la Bibi Wakuru, aliyepaka. Kisha majina manne ya watoto, na mstari mtupu wa yule wa tano. Na mwisho kabisa, mahali ambapo Baba aliweka ubeti wake, nimeandika hivi: alama za kwanza zilifutwa kwa kuoshwa, Alhamisi moja asubuhi, uani kwa Mwalimu Faraji, aliyeosha ni Idrisa bin Faraji, wa Iringo.